BURUNDI: NCHI NDOGO, NJIA NDEFU

Ndugu wafanyakazi, katika barua mnazotuletea kuna swali moja linalorudi mara kwa mara, hasa kutoka matawi ya mashambani huko Kagera na Kigoma. Mnauliza: kwa nini ndugu zetu Warundi wanavuka mpaka kuja kulima kwa ujira ambao sisi tunaukataa? Baadhi yenu mmeuliza kwa hasira, mkisema kwamba watu hawa wanatuvunjia bei ya kazi. Tumeona swali hilo halijibiki kwa mistari miwili. Inabidi kwanza tuijue nchi wanayotoka, ardhi yake, mazao yake na njia zake, maana mtu haachi nyumba yake na watoto wake kwa kupenda kulala kwenye banda la majani la mtu mwingine.

NCHI IMEKAAJE

Burundi ina eneo la kilometa za mraba 27,834. Mkoa wetu wa Kigoma peke yake ni mkubwa kuliko nchi hiyo nzima. Katika eneo hilo dogo wanaishi watu zaidi ya milioni 12. Ukigawanya, utaona kila kilometa moja ya mraba ina watu zaidi ya mia nne, na hapo tumehesabu milima, misitu na maji pamoja. Familia ya kawaida inalima nusu hekta, mara nyingi pungufu, tena iliyokatwa vipande vitatu au vinne kwenye miteremko mbalimbali. Baba akifa vijana wanagawana hicho hicho. Wapo wanaume wazima wenye wake na watoto ambao shamba lao unaweza kulimaliza kulipima kwa hatua kabla hujamaliza sigara moja.

Ukitoka magharibi kwenda mashariki, unaanzia kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika na bonde la mto Rusizi. Sehemu hii wanaiita Imbo. Ni tambarare na yenye joto, kama Kigoma mjini. Hapo wanalima mpunga na pamba, na huko Rumonge kuna michikichi. Bujumbura, mji mkubwa wa biashara, uko hapo kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa. Zamani uliitwa Usumbura. Makao makuu ya Serikali yalitangazwa kuhamia Gitega, katikati ya nchi, mwishoni mwa mwaka 2018, lakini bandari, viwanda na mabenki yamebaki Bujumbura.

Nyuma ya Bujumbura milima inasimama ghafla kama ukuta. Ziwa liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha mlima Heha, ambao hauko mbali na mji, kinazidi mita 2,600. Mgongo huu wa milima ndio unaogawa maji: upande mmoja yanakwenda Kongo, upande wa pili yanakwenda Mto Nile. Kuna chemchemi ndogo huko Rutovu inayohesabiwa kuwa chanzo cha Nile kilicho mbali kuliko vyote upande wa kusini. Maji yake yanaingia mto Ruvubu, kisha Kagera, kisha Ziwa Victoria. Kwa hiyo mfanyakazi wa Bukoba anayeogelea ziwani anaogelea na maji ya Burundi.

Juu ya milima kuna baridi na ukungu, na huko ndiko kwenye chai na msitu wa Kibira. Ukivuka mgongo huo unashuka kwenye nyanda za kati, vilima juu ya vilima, kila kilima kikiwa na migomba, maharage, viazi vitamu, mihogo na mibuni. Warundi hawakai vijijini kwa safu kama tulivyopangwa sisi. Kila mmoja anakaa kwenye shamba lake, na ukimwuliza anatoka wapi atakutajia kilima. Mashariki kabisa, kuelekea Kibondo na Kasulu, nchi inashuka tena, na sehemu hiyo inaitwa Moso. Huko kuna kiwanda cha sukari cha taifa, SOSUMO, kilichoanza kuzalisha mwaka 1988.

KAHAWA ILIPANDWA KWA AMRI

Burundi ilikuwa sehemu ya himaya ya Mjerumani pamoja na Tanganyika. Mwaka 1916 Wabelgiji waliiteka, wakaitawala pamoja na Rwanda mpaka tarehe 1 Julai 1962. Mbelgiji alitaka nchi ijilipie gharama zake za kutawaliwa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930 wenye nyumba walilazimishwa kupanda mibuni na kuitunza, na asiyetunza aliadhibiwa. Hata baada ya Uhuru, kung'oa mbuni kuliendelea kuwa kosa. Mkulima alikuwa na mti shambani kwake ambao hakuupanda kwa hiari, asioruhusiwa kuung'oa, na zao lake hakuwa yeye anayepanga bei.

Kodi, viboko na kazi za lazima viliwafukuza wengi. Walikwenda Buganda kulima pamba na kahawa za wenye mashamba, na wengine wakaja kwetu. Wazee wetu wa mkonge huko Tanga na Morogoro wanawakumbuka vizuri. Miongoni mwa manamba waliopanda garimoshi kwenda kukata mkonge, Warundi walikuwa wengi, pamoja na Waha na wengineo. Kwa hiyo ndugu anayesema kwamba Warundi wameanza jana kuvuka mpaka kutafuta kazi, ajue kwamba mashamba tunayofanyia kazi leo yalifyekwa na babu zao na babu zetu pamoja.

Leo kaya laki sita hivi zina mibuni, na karibu zote ni za wakulima wadogo wenye miti mia kadhaa. Kazi inakwenda hivi. Kuanzia mwezi Machi matunda mekundu yanachumwa kwa mkono na kubebwa kichwani mpaka kituo cha kuoshea. Hapo yanamenywa, yanachachushwa, yanaoshwa, kisha yanaanikwa kwenye vichanja ambako akina mama wanachambua mbovu siku nzima. Kahawa kavu inapelekwa kiwandani kukobolewa. Kilo sita au saba za matunda hutoa kilo moja tu ya kahawa safi inayopakiwa kwenye gunia. Basi ukisikia bei ya kahawa huko London au New York, usidhani mkulima wa Ngozi au Kayanza ameshika bei hiyo. Kwanza igawe kwa uzito huo, halafu toa gharama ya kituo, kiwanda, gunia, lori, meli, reli, bandari na benki.

Kulikuwa na wakati ambapo kahawa pekee ilileta kiasi cha robo tatu, au hata zaidi, ya fedha za kigeni za Burundi. Mwaka 1989 makubaliano ya dunia ya kugawana soko la kahawa yalivunjika, bei ikaporomoka, na nchi za namna hii zikaumia zaidi kuliko zile zenye mazao mengi. Halafu ikaja vita. Miti imezeeka, na baadhi ya wakulima wameona heri kupanda maharage katikati. Miaka mizuri ya zamani mavuno yalizidi tani 30,000. Miaka ya karibuni mara nyingi hayafiki nusu ya hapo, au yanaizidi kidogo tu. Mbuni nao una tabia yake: mwaka huu unazaa sana, mwaka ujao unapumzika. Mkulima anaweza kupumzika nao kama ana chakula, lakini mkopo wa Serikali haupumziki.

Chai ni pili. Mashamba ya Teza, Rwegura, Tora, Ijenda na Buhoro yalianzishwa na shirika la umma. Sehemu kubwa ya chai hiyo inauzwa kwenye mnada wa Mombasa, mnada ule ule unaouza chai ya Kericho na ya Mufindi. Mchumaji wa Teza na mchumaji wa Mufindi hawajapata kuonana, lakini majani yao yanawekwa mezani mbele ya mnunuzi mmoja, naye anaonja na kuchagua. Mchumaji wa Teza akilipwa kidogo, mwajiri wa Mufindi anapata kisingizio siku ya mazungumzo ya mishahara. Tumekisikia kisingizio hicho kwa masikio yetu.

NJIA YA KWENDA BAHARINI

Burundi haina bahari, na mpaka sasa haina hata kilometa moja ya reli. Kutoka Bujumbura mpaka Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilometa 1,500, na kwenda Mombasa ni mbali zaidi. Kila mfuko wa mbolea, kila pipa la petroli na kila bati la nyumba lazima lisafirishwe umbali huo, na kila gunia la kahawa lazima liusafiri kwa kurudi. Umbali huo unalipwa, na anayelipa ni mkulima kwa kuuza rahisi na mfanyakazi kwa kununua ghali. Wenye malori hawabebi hasara.

Njia ya zamani na ya heshima ni ile ya ziwa na reli. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, zaidi ya kilometa 1,250. Kutoka Kigoma mzigo unapakiwa kwenye meli au tishari mpaka Bujumbura. Mwaka 1921 Mwingereza na Mbelgiji walitia saini mkataba uliompa Mbelgiji vipande vya bandari ya Dar es Salaam na ya Kigoma, kwa kodi ya franka moja kwa mwaka, milele. Franka moja! Watanganyika hawakuulizwa, na Warundi hawakuulizwa. Tulipopata Uhuru, Mwalimu Nyerere alikataa mkataba huo. Hoja yake ilikuwa kwamba Mwingereza alikuwa msimamizi wa muda tu, na msimamizi wa muda hawezi kukodisha kipande cha nchi ya watu milele. Mizigo ya Burundi iliendelea kupita, lakini kwa masharti ya nchi huru.

Njia hiyo ni nafuu pale reli inapokuwa nzima. Sote tunajua inavyokuwa reli isipokuwa nzima. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalichukua tuta kati ya Kilosa na Gulwe, na treni zikasimama kwa miezi. Mabehewa na injini vilipopungua, shehena ilihamia barabarani, kupitia Kahama na Ngara hadi mpakani Kabanga, upande wa pili Kobero. Wapagazi wa bandari ya Kigoma ndio walioona hasara ya kwanza, maana kuli hulipwa kwa mzigo uliofika, halipwi kwa kungojea.

Ziwa lenyewe lina mambo yake. Ni refu kiasi cha kilometa 670 na lina kina cha mita 1,470. Duniani ni la Baikal tu linalolizidi kwa kina. Kusini kabisa, Mpulungu, saruji na sukari ya Zambia hupakiwa kuja Bujumbura. Samaki tunayemwita migebuka wao wanamwita mukeke, na dagaa wanawaita ndagala. Kuanzia miaka ya 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, maji yalipanda sana, yakaingia katika bandari ya Bujumbura na kufukuza watu makwao huko Gatumba, karibu na mpaka wa Kongo.

Ndani ya nchi barabara kuu ni za lami, lakini ni za kupanda na kushuka. Ile inayotoka Bujumbura kwenda juu Bugarama inajulikana kwa vijana wake wa baiskeli. Wanashuka mlima wakiwa na mikungu ya ndizi au magunia ya makaa, breki zikinuka, kisha wanapanda kwa kushika mkia wa lori kwa mkono mmoja. Wengi wameumia na wengine wamekufa. Ni usafirishaji, ni ajira, na hauna bima wala chama.

Umeme nao ni haba: mtu mmoja katika kila kumi hivi ndiye anao. Bwawa la Rwegura, la mwaka 1986, lina uwezo wa megawati 18. Mengine yamejengwa kwa ubia, kama yale ya mto Rusizi pamoja na Kongo na Rwanda. Mradi wa maporomoko ya Rusumo, mpakani mwetu na Rwanda, ulianza kutoa umeme mwaka 2023; megawati 80 zinagawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Kwa sisi fungu hilo ni dogo. Kwa Burundi ni nyongeza kubwa.

MLANGO UKIFUNGWA

Nchi isiyo na bahari inaishi kwa milango ya wengine. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996, nchi za eneo hili zilikutana Arusha na kuiwekea Burundi vikwazo vya biashara. Nia ilikuwa kuwalazimisha wakubwa wafanye mazungumzo. Vikwazo vilisimamishwa Januari 1999, na mapatano yakatiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Hatubishani na nia hiyo. Lakini tuseme pia waliobeba mzigo. Petroli na chumvi viliendelea kuingia kwa magendo, na wenye magendo walitajirika. Aliyekosa mbolea ni mkulima. Na upande wetu, bandari ya Kigoma ilikosa shehena, na makuli wa Tanzania waliadhibiwa kwa kosa lisilo lao.

Historia ya umwagaji damu, ya 1972, ya 1993 na vita vilivyofuata, inahitaji makala yake yenyewe. Hapa tutasema tu kwamba kila mara maelfu walikuja kwetu, na kwamba waliokimbia mwaka 1972 walifyeka mapori ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo wakayafanya mashamba. Zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania kuanzia mwaka 2010.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Milango hata hivyo bado inafungwa: mpaka wake na Rwanda ulifungwa mwaka 2015, ukafunguliwa 2022, na Januari 2024 Serikali ya Burundi ikaufunga tena. Wakati huo huo fedha za kigeni zilikauka. Kahawa na chai hazitoshi kununua petroli, dawa na vipuri. Tangu 2022, na vibaya zaidi 2024 na 2025, foleni za mafuta Bujumbura zimekuwa za siku nyingi, mabasi yamesimama, na wafanyakazi wameamka usiku wa manane kwenda kazini kwa miguu.

UJIRA

Sasa turudi kwenye swali lenu. Mwaka 1988 Serikali ya Burundi iliweka kima cha chini cha mshahara: franka 160 kwa siku mjini, na franka 105 kwa siku mashambani. Wakati ule dola moja ilikuwa kiasi cha franka 140, kwa hiyo mtu wa mjini alipata zaidi kidogo ya dola moja kwa siku. Kima hicho kilikaa katika sheria zaidi ya miaka 30 bila kuguswa. Mwezi Mei 2023 Benki Kuu iliposhusha thamani ya fedha, dola moja ilifika kiasi cha franka 2,800. Piga hesabu: 160 ile ile ikawa haifiki senti sita za dola. Ni kweli kwamba waajiri wengi wanalipa zaidi ya hapo, kwa sababu hakuna binadamu anayeweza kuja kazini kwa senti sita. Lakini sheria ikilala namna hiyo, mfanyakazi hana pa kusimama anapodai. Anachopewa ni hisani. Vyama vya wafanyakazi vya huko, kikiwemo COSYBU kilichoundwa mwaka 1995, vimelipigia kelele jambo hili miaka mingi.

Basi kijana wa kilima asiye na ardhi, ambaye kiwanda hakimhitaji kwa sababu viwanda ni vichache, anavuka mto Malagarasi au anapita njia za Manyovu. Huku anakuta dalali. Katika shamba moja mkoani Kagera, ambalo hatutalitaja, tulikuta vibarua zaidi ya thelathini waliokuwa wamepalilia migomba miezi mitatu kwa ahadi ya kulipwa mwisho wa kazi. Wiki ya malipo, aliyewaleta akatoweka na maofisa wakapata habari kwamba shambani kuna watu wasio na vibali. Watu wakapakiwa kwenye lori na kurudishwa mpakani bila shilingi. Shamba lilikuwa limeshapaliliwa. Wanachama wetu wa pale, waliokuwa wameambiwa wakubali nusu ujira kwa sababu "Mrundi anakubali", walitambua siku ile kwamba huyo Mrundi hakuwa amelipwa hata hiyo nusu.

Mkataba wa Soko la Pamoja wa Jumuiya ulianza kutumika Julai 2010 na unazungumzia haki ya mfanyakazi kuvuka mpaka kufanya kazi. Kwa daktari na mhasibu karatasi zinapatikana. Kwa kibarua wa jembe gharama ya kibali ni kubwa kuliko ujira wa msimu, na hapo ndipo dalali anapopata riziki yake. Matawi ya mpakani tumeyaomba mambo mawili: mwandikisheni kila kibarua mnayemkuta shambani bila kuuliza amezaliwa kilima gani, na dai la ujira lihesabiwe kwa palizi au kwa tuta, bei moja kwa wote. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1988 na lenye makao yake Arusha, lina wanachama wa pande zote mbili, na madai ya mtu aliyerudishwa bila malipo yanaweza kupitia huko.

RELI MPYA

Huko Musongati, mashariki ya Burundi, kuna nikeli iliyogunduliwa miaka ya 1970. Imelala ardhini miaka yote hiyo kwa sababu moja kubwa: madini ya namna hiyo ni mazito, na lori haliwezi kuyafikisha baharini kwa faida. Januari 2025 Tanzania na Burundi zilitia saini na makampuni ya Kichina mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Uvinza mpaka Musongati. Itaungana na ile ya Tabora hadi Kigoma iliyopewa mkandarasi Desemba 2022, na mbele yake na ile ambayo tangu 2024 inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Ikikamilika itakuwa reli ya kwanza katika ardhi ya Burundi.

Kwa sasa tunachokijua ni kwamba tuta litahitaji mikono mingi pande zote mbili za Malagarasi, na kwamba kazi za namna hii huanza na vibarua wa siku kabla mkataba wowote wa ajira haujaandikwa. Ofisi yetu ya Kigoma imeagizwa kuwa Uvinza kabla ya kambi ya kwanza kufunguliwa, ikiwa na daftari za uanachama na fomu za madai kwa Kiswahili na Kirundi. Ndugu wenye uzoefu wa ujenzi wa reli, walio tayari kwenda kusaidia uandikishaji, wapeleke majina yao kwa makatibu wa matawi.